Miezi Yake Kumi na Moja

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kabla mlango wa chumba cha kulinganishia saa haujafunguka sawasawa niliipata: harufu ya ute mzito ambao wasafiri hulazwa ndani yake ili mbio za chombo cha anga zisiwavunje mifupa. Rangi yake ni ya kamasi, na hunuka kama samaki aliyesahauliwa ndani ya ndoo ya sabuni. Wasafiri huoshwa mara saba kabla ya kuletwa kwetu, na mara saba hazitoshi. Ute hubaki nyuma ya masikio na chini ya kucha.

Nimefanya kazi ya upimasaa miaka kumi na mitatu, na kwa muda huo nimejifunza kupumua kwa mdomo. Siku hiyo niliivuta harufu ile kwa pua, yote, kama mtu anayenusa mkate unaotoka tanuri. Aliyekuwa nyuma ya mlango alikuwa mchumba wangu.

Aliingia na vazi jeupe la karantini, kichwa kimenyolewa. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mtu anayefanana naye. Sikuwa nimejiandaa kumwona yeye mwenyewe, shingo ile ile, kovu lile lile la kidevuni, na macho yale ambayo hukutazama kama yanasubiri ucheke kwanza.

"Bi Sekunde," alisema. Hilo ndilo jina alilonipa zamani. "Umebaki vilevile."

"Sijabaki. Nina miaka thelathini na mitano. Ulipoondoka nilikuwa na ishirini na minne. Kaa."

Akakaa, akacheka. Miaka kumi na moja haikuwa imekigusa kicheko hicho, kwa sababu kicheko hicho hakikuwa kimeishi miaka kumi na moja.

Jambo lenyewe ni rahisi, ingawa watu hulizungusha. Anayekwenda mbio sana, saa yake huenda polepole kuliko saa ya aliyebaki nyumbani. Si uchawi wala hadithi. Naipima kila siku. Safari yake ya kukusanya vumbi la mbali, peke yake chomboni, ilipangwa imchukue yeye miaka miwili na sisi mitano. Ilivyokuwa, alipokaribia nyumbani breki zilikataa, akapitiliza, na ile duara ya kugeuka na kurudi ikamla yeye miezi kumi na moja. Sisi ilitula miaka sita. Kupitiliza ni ajali inayojulikana. Hakuna aliyemlaumu. Alipoondoka alinizidi miaka mitatu. Sasa mimi nilimzidi mitano.

Asubuhi ile baba yangu alikuwa amenitahadharisha, wakati nikimtafutia miwani ambayo alikuwa ameivaa. Alisema hana ubaya na kijana, ila akinioa sasa watu watampongeza kwa kuja na shangazi yake. Nilicheka, yeye hakucheka. Macho yake yanafifia. Daktari ametupa miaka minne kabla hayajazimika. Anasema hataki kuniona nikiolewa kwa huruma wakati bado anaona.

Wifi yangu alikuwa na maoni mengine. Yeye ni fundi cherehani, dada wa pekee wa mchumba wangu rubani, na muda huo alikuwa kwenye benchi la korido na suti mpya mapajani. Alikuwa ameishona kwa vipimo vya miaka kumi na moja iliyopita, na alikuwa na hakika itamkaa mdogo wake. Kwa sheria yetu msafiri hatoki mpaka ndugu au mchumba atie saini ya kumpokea. Wifi aliniambia saini ni yangu, yeye amekuja kushuhudia tu. Alisema mtu aliyemwosha mama yao miaka minne na miezi kumi, mpaka siku ya kufa, hahitaji tena kuulizwa kama ni wa nyumba ile.

Mzee tunayefanya naye kazi aliniletea saa ya chombo kwenye sinia, na kando yake utepe unaoandika kazi ya mota, ukiwa umekunjwa. Akaniangalia, akamwangalia rubani, akasema atakwenda kunywa chai na huenda ikawa ya moto sana. Kisha akafunga mlango.

"Hata busu hamna mpaka upime?" rubani aliuliza.

"Saa kwanza."

Niliisoma kwa sauti. Miaka miwili, miezi kumi na moja, siku nne. Niliandika. Zile siku nne niliziandika mara mbili. Alikuwa ameegemea meza karibu sana, na joto lake lilikuwa linanifikia shavuni. Nilimtaka. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na ili yaliyofuata yasieleweke kana kwamba sikuwahi kumtaka.

Sheria inadai jumla ya saa tu. Ukishaipata, utepe huenda stoo bila kufunguliwa, na marubani wote wanajua hivyo. Mimi niliufungua.

"Huo wa nini tena?" aliuliza. "Si umeshapata jumla?"

"Nataka kuiona breki iliyokataa."

Nilikuwa nimeichukia breki ile miaka sita. Mama yake alipopatwa na kiharusi na upande wake wa kulia ukafa, niliichukia. Vidonda vilipofunguka mgongoni nikawa navisafisha usaha kwa pamba, niliichukia. Nilimgeuza kila baada ya saa mbili, nikabadilisha nepi zake, nikajifunza kutambua kwa harufu kidonda kinachopona na kinachooza, na kila mara kulikuwa na mtu mmoja asiyekuwepo na kipande kimoja cha chuma cha kulaumiwa. Chuma kina kiwanda, na kiwanda kina anwani. Barua ya malalamiko nilikuwa nimeshaiandika. Ilikosa namba ya hitilafu tu.

Aliweka kiganja juu ya utepe. "Achana nao leo," alisema, taratibu. "Leo si siku ya kazi."

Nilidhani ni mapenzi. Niliushika mkono wake, nikaushikilia muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha nikauondoa.

Utepe husomwa hivi: mstari ukipanda, mota inasukuma chombo mbele, ukishuka, inakizuia, ukilala, mota imezimwa. Nilianza na ule mshuko mrefu wa mwisho wa safari iliyopangwa, nikitafuta mahali ulipokatika. Haukukatika. Ulishuka vizuri, kwa nidhamu, mpaka mwisho wake. Baada ya hapo mstari ulilala. Siku nne. Kisha ukapanda.

Mstari uliolala peke yake hauthibitishi kitu. Chombo kinachoserereka bila mota na chombo kilichosimama huandika mstari ule ule. Kwa hiyo nilijumlisha. Nilichukua rula na karatasi, nikapima breki ilikula mwendo kiasi gani, nikatoa kwenye mwendo aliokuwa nao. Nilipata sifuri. Nikarudia kwa kuanzia upande wa pili. Nikapata sifuri.

Muda wote huo alikuwa akitazama mlango, si rula. Hilo nalo lilikuwa jibu, lakini mimi hujibiwa kwa namba.

"Ulisimama," nikasema.

"Wapi?"

"Kituo cha nje. Chombo kilichosimama hakipitilizi."

Alisema mtambo wa utepe ulikuwa na matatizo tangu mwanzo wa safari. Nikamwonyesha kwamba ule mpando uliofuata ulikuwa wa chombo kizito kuliko kilichofika. Kituo cha nje hakina mtu. Kina taa, mnara wa kupokea barua, na tangi la mafuta. Nilimwambia sijawahi kuona breki iliyokataa ikishuka kujaza mafuta.

Barua ya kumwita nyumbani niliituma mimi mwenyewe, siku ile ile mama alipoanguka. Nakumbuka saa na dakika, na najua umbali. Mwanga hutumia saa thelathini na moja kufika kituo cha nje. Ilimfikia siku ya pili ya kusimama kwake, akiwa anangoja zamu ya kuvutwa nyumbani, amebakiza majuma mawili. Ilisema: mama ameanguka, upande mmoja umelala, anakuulizia, njoo. Siku ya nne aliwasha mota akaondoka. Barua aliyotujibu ilisema breki zimekataa.

Nilimweleza hayo yote bila kupandisha sauti. Aliponitazama tena alikuwa ameacha kusubiri nicheke.

"Sawa," alisema. "Lakini nisikilize kama msomi, usinisikilize kama watu wa korido. Ni miezi kumi na moja. Mimi sikumwona mama yangu kwa miezi kumi na moja. Wako wangapi mjini hapa hawajamwona mama yao mwaka mzima, na wanalala usingizi?"

"Alilala kitandani karibu miaka mitano."

"Kwako. Wewe ndiye uliyenifundisha, Bi Sekunde. Hakuna 'wakati ule ule.' Ulipokuwa unamgeuza mama, mimi nilikuwa nafanya nini? Swali lenyewe halina jibu. Sikuwepo kwenye miaka yako. Mtu hawezi kukimbia miaka ambayo kwake haikutokea."

Nilimfundisha, ni kweli. Kwenye paa la nyumba ya kina baba, kabla hajaondoka, kwa chaki na vizibo viwili vya chupa. Nilimpenda kwa jinsi alivyoelewa haraka. Sasa maneno yangu yalikuwa yanatoka kinywani mwake yakiwa na mate yake.

"Umelielewa nusu," nikamwambia. "Wawili wakikimbizana, hawana 'sasa' moja ya pamoja. Lakini ulikuwa umesimama. Ukiwa umesimama, saa yako na yangu zilikwenda sawa, sekunde kwa sekunde. Kwa siku zile nne kulikuwa na wakati mmoja, wako na wangu na wa mama. Kwa hiyo swali lako lina jibu, na ninalo hapa. Siku ya nne, saa nane mchana, mama alikuwa ameniegemea kichwa, nami nilikuwa namtoa chakula shavuni kwa kidole. Upande ule ulikuwa hauhisi, kilikwama humo tangu jana yake kikachacha. Alikuwa anaona aibu. Saa nane mchana, wewe ulikuwa unajaza tangi."

Akaficha uso kwa mikono. Nilipoona mabega yake yanatikisika nilitaka kusimama niende kwake, na nilikaa kwa kushika ukingo wa kiti.

Alizungumza akiwa bado amejificha. Alisema aliposoma barua yangu alisikia harufu, humo humo ndani ya chombo, mbali na kila mtu. Ilikuwa ya chumba cha baba yake. Utotoni yeye ndiye aliyekuwa akibeba beseni la baba yake kila asubuhi, akimwaga, akitapika, akirudishwa kuliosha. Alisema alikaa siku mbili na nusu akijaribu kujilazimisha kuja. Alisema mtu hachagui kinachomtia kinyaa.

Hilo niliweza kulibeba. Laiti angekomea hapo, sijui leo ningekuwa naandika nini.

"Na sikumwacha peke yake," aliongeza, akiinua uso. "Nilikujua. Nilijua wewe hutamwacha."

Alilisema kama sifa. Hata alitabasamu kidogo, macho yamelowa.

"Ulinihesabu," nikasema.

"Nilikuamini."

"Ulinihesabu pamoja na mafuta."

Alinishika mkono. Chini ya ukucha wa kidole gumba kulikuwa na ute uliosalia, uzi mwembamba unaong'aa, ukaninata kwenye kifundo. Nimewahi kupakwa vitu vibaya zaidi na mgonjwa asiyejiweza, nikanawa, nikala chakula cha mchana. Siku hiyo ngozi ya mkono wangu mzima ilisisimka kama imepitiwa na konokono, na haikuwa kwa sababu ya ute.

Huenda aliliona hilo, kwa kuwa alianza kuzungumza haraka. Alisema amepata njia. Mwezi ujao kuna chombo kinakwenda na kurudi. Aliyemo hutumia miezi tisa, hapa hupita miaka mitano. Nipande mimi. Yeye atabaki, atanunua nyumba, atanisubiri siku baada ya siku, miaka mitano mizima, kama nilivyomsubiri. Nikirudi nitakuwa nimemzidi miezi kumi tu. Tutakuwa rika moja. Hakuna atakayesema shangazi.

"Nataka nijue ilikuwaje kwako," alisema. "Nataka nikulipe kwa sarafu ile ile."

Niliipitia hesabu kichwani nikitafuta kosa. Haikuwa na kosa. Na sijawahi kuambiwa neno zuri kuliko hilo na mtu yeyote. Nitasema ukweli: kwa muda wa pumzi mbili tatu niliiona nyumba, na yeye mlangoni na mvi chache, ananisubiri mimi.

"Na baba yangu?" nikauliza.

"Baba yako ana watu."

"Hana mtu. Ana mimi. Atapofuka kabla miaka hiyo haijaisha."

"Ndiyo nakwambia." Alinisogelea, sauti laini, kama anayempa mtoto dawa tamu. "Kwako itakuwa miezi tisa tu. Hutaona lolote. Utarudi yamekwisha."

"Yamekwisha nini?"

Alikuwa ananitazama kwa huruma halisi, na hiyo ndiyo iliyonishinda. Hakuwa ananidanganya. Alikuwa amenitunuku kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo: mlango wa kutokea. Kwa moyo wote alikuwa tayari kunifundisha kuwa kama yeye, na alidhani hayo ndiyo mapenzi.

Nilinawa mkono kwenye sinki la pembeni, kwa sabuni, mpaka kwenye kiwiko. Kisha nikarudi mezani nikajaza safu ya maelezo, ambayo kwa kawaida huachwa wazi: *Chombo kilisimama kituo cha nje siku nne. Breki nzima.* Nikaweka mhuri.

"Watanifutia leseni," alisema.

"Huenda."

"Bi Sekunde. Nimerudi. Niangalie. Mimi ni yule yule."

"Naona," nikasema. "Ndilo tatizo."

Wifi alisimama aliponiona, suti mkononi, akauliza kama nimeshatia saini. Nilimkalisha. Nilimweleza kwa sentensi nne, kwa sababu mambo yenyewe yalikuwa manne. Hakulia wala hakubisha. Aliomba kuuona utepe. Nilimwonyesha mahali mstari ulipolala, naye akaweka mkono juu yake kama anavyopima kitambaa, kidole gumba huku, cha mwisho kule.

"Hapa tu?"

"Hapo tu."

"Hata shubiri haifiki," alisema. Akautazama mkono wake muda mrefu. "Kila asubuhi mama alikuwa ananiuliza meli iko wapi. Alikuwa haulizi vizuri, mdomo ulikuwa umepinda, lakini mimi nilikuwa namwelewa. Namwambia, mama, ni breki. Ananiambia, mwombee. Kila asubuhi, wifi. Nikawa naiombea breki."

Nilimwambia sitatia saini. Alisema anajua. Nikamwambia wala yeye halazimiki, kwamba asiye na wa kumpokea hulala bweni la wasafiri, kuna kitanda na chakula.

"Nitampokea," alisema. "Ni mdogo wangu. Nitampeleka wapi? Ila hatalala chumba cha mama." Akachukua kalamu mfukoni mwangu bila kuomba, akasita. "Na wewe usipite mbele. Pita mlango wa nyuma, asikuone umelia."

"Silii."

"Naona, bado. Ndiyo maana nasema upite nyuma."

Alinikumbatia kwa mkono mmoja, suti ikiwa katikati yetu, kisha akausukuma mlango. Sikusikia alichomwambia. Nilisikia kiti kikiburutwa.

Nilipita nyuma. Penye mapipa ya taka, nilishika ukuta kwa mikono miwili nikatapika. Nilitapika chai ya asubuhi, nikatapika maji ya njano, nikaendelea kusukuma wakati hakuna tena kitu. Yule mzee alinikuta hapo. Hakuuliza, alinishikia kikombe cha maji na kugeuka kutazama upande mwingine, kama watu wenye adabu wanavyofanya. Nilisukutua, nikatema, nikanawa uso.

Haikuchukua hata dakika tatu. Nilipojinyoosha nilikuwa na njaa kali, njaa safi, ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka.